Sasa Mbara ni Mimi

Dayton, Ohio
27 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Ile sauti uliyonitumia Ijumaa usiku nimeisikiliza mara mbili. Kwanza nikuondoe wasiwasi: mimi na watoto hatujambo, tunakula, tunalala, wala hakuna aliyetugongea mlango. Nimeona niandike, maana kwenye simu ukianza kulia nami nasahau niliyotaka kusema. Atakusomea mjukuu wako. (Na wewe unayesoma, usiruke mahali, nakujua.)

Umeniuliza kama Trump akishinda uchaguzi huu na kurudi madarakani tutafukuzwa. Mimi ni raia tangu 2021, karatasi zangu ziko ndani ya lile begi la ngozi ulilonipa. Aliyoahidi ni kuwatoa wasio na vibali, tena kwa wingi ambao nchi hii haijapata kuuona. Kwa hiyo kisheria mimi simo. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba panapowaka moto hakuna anayesimama kusoma karatasi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Hujapata kuusikia mji wa Springfield kabla ya mwaka huu, hata Wamarekani wengi hawakuujua. Kutoka hapa kwangu ni kama kutoka kwetu Likoni, Mombasa, mpaka Ukunda na kupita kidogo. Zamani ulikuwa mji wa viwanda wenye watu zaidi ya 80,000. Viwanda vikafungwa, watu wakahama, wakabaki pungufu ya 60,000. Miaka hii ya karibuni kazi zimerudi, na Wahaiti wakazifuata. Wanakadiriwa kuwa 12,000 hadi 15,000, wengi wakiwa na kibali halali cha muda kwa sababu kwao hakukaliki. Sasa, mama, mji mdogo ukipokea wageni wengi hivyo kwa mkupuo, kodi za nyumba hupanda, hospitali hujaa foleni, na mwalimu hujikuta na darasa la watoto wasiojua Kiingereza. Wenyeji wakilalamikia hayo siwalaumu. Hata sisi tungelalamika. Juu ya hayo, mwaka jana mwezi wa Agosti gari la Mhaiti mmoja liligonga basi la shule na mtoto wa miaka 11 akafa. Wanasiasa walipoanza kulibeba jina la mtoto huyo majukwaani, baba yake alisimama mbele ya baraza la mji akawaomba waache kumtumia mwanawe kupandikiza chuki.

Hiyo ilikuwa tarehe 10 Septemba mwaka huu. Usiku wa siku hiyohiyo ukawa mdahalo wa Trump na mpinzani wake, Kamala Harris.

Nilikuwa zamu ya usiku. Kwenye ile nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna sebule yenye televisheni kubwa, na wazee watatu hawakukubali kwenda kulala. Mmoja ni yule babu niliyekuhadithia, mwenye kofia nyekundu ya Trump, anayeniwekea maandazi yao matamu yenye tundu katikati kwa sababu anajua nayapenda. Mwenzangu wa zamu, Mhaiti anayekaa Springfield, alikuwa kando anakunja mashuka. Trump akasema watu waliokuja Springfield wanakula mbwa, wanakula paka, wanakula wanyama wa wenyeji. Mtangazaji akamwambia viongozi wa mji wanasema hakuna ushahidi. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mwenzangu. Shuka lile alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, akalikunjua. Hakuinua kichwa.

Babu akamgeukia, kwa upole kabisa, akamwambia: “Si wewe, mama. Wewe ni mtu mzuri. Ni wale wengine.”

Hapo ndipo niliposikia tumbo limenishika, maana maneno hayo nilishayasikia. Nilikuwa na miaka 11.

Unakumbuka Agosti ya 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku ule wa tarehe 13, na vile vikaratasi vya kuwataka wabara, watu waliotoka bara kama Wakamba, waondoke. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa Desemba. Watu zaidi ya 100 wakauawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia, kanisa Katoliki likajaa mpaka uani. Yule mama Mkamba aliyekuwa akikaanga mandazi pale njia panda ulimtia chumbani kwa bibi, akakaa siku nne. Mchana majirani walikuja kukaa barazani kwetu, na nilimsikia mmoja wao, mtu mzima mwenye heshima zake, akisema huyo wa mandazi hana ubaya, shida ni wale wengine. Na mwenyewe yuko nyuma ya ukuta, anasikia kila neno.

Siku ya tano ulimvisha buibui lako, ukamshika mkono mkashuka feri kama shoga wawili wanaokwenda arusini. Mimi nilitaka kumbebea lile karai lake, ukanikataza, ukasema karai litamsema.

Sasa mbara ni mimi, mama.

Baada ya mdahalo mambo yakaharibika upesi. Siku mbili tu, jumba la halmashauri ya Springfield likafungwa kwa vitisho vya bomu. Kisha shule. Mwenzangu alipigiwa simu tukiwa kazini aende kumchukua mwanawe, darasa lote limetolewa nje. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, akasema vitisho vimefika 33 na vyote ni vya uongo, akapeleka askari wa jimbo wakalinde shule asubuhi na jioni. DeWine ni wa chama kilekile cha Trump, tena kazaliwa Springfield, na anasema kura yake ni ya Trump. Lakini aliandika gazetini kwamba maneno hayo juu ya Wahaiti yanamhuzunisha. Mgombea mwenza wa Trump, JD Vance, ambaye ni mmoja wa maseneta wetu hapa, yeye alisema kwenye televisheni kwamba ikimlazimu kutunga hadithi ili vyombo vya habari viyaangalie mateso ya watu wake, atatunga. Nilirudia kumsikiliza nikidhani Kiingereza changu kimenipotosha.

Wasiwasi wa huku si kama wetu. Kwetu uchaguzi ukikaribia watu hununua unga, wanarudi kwao kijijini, matatu zinapungua. Huku ni kimya. Watu wamechomeka vibao vya wagombea kwenye nyasi mbele ya nyumba, ukipita unasoma nani yuko wapi, halafu mkikutana dukani mnazungumza baridi iliyoanza. Jirani yangu wa mkono wa kushoto ana kibao cha Trump, na ndiye aliyenisukumia gari lilipokwama thelujini mwezi wa Januari. Wa mkono wa kulia ana cha Harris, na miaka mitatu hajanijibu salamu. Nifanye hesabu gani hapo?

Msikitini nako hakukaliki. Wapo walioapa hawampi Harris kura kwa sababu ya Gaza, na mtu aliyepoteza ndugu zake huko humwambii kitu. Wapo Wasomali wanaokumbuka Januari 2017, Trump alipowafungia mlango watu wa nchi saba na Somalia ikiwamo, wanaona wenzao wamesahau mapema. Ijumaa iliyopita sauti zilipanda hata imamu akatoka kuja kuwatuliza wakiwa tayari wanavaa viatu.

Mimi nimeshapiga kura. Hapa Ohio ilifunguliwa tarehe 8, huhitaji kungoja siku yenyewe. Nilipanga foleni dakika 40, wala hawakupaki wino kidoleni. Unapewa kijikaratasi cha kubandika kifuani. Kura ni siri, lakini wewe ni mama yangu na unajua sikumpa aliyesema tunakula paka. Ila usitegemee sana. Trump alishinda hapa Ohio kwa pointi 8 mwaka 2016, na 2020 vilevile. Tena huku mwenye kura nyingi za watu si lazima ashinde: Hillary Clinton, mpinzani wake wa 2016, alimzidi kwa karibu kura milioni 3 na bado akashindwa, kwa sababu kila jimbo lina fungu lake la kura za wajumbe na anayetakiwa ni wa kufikisha 270 kati ya 538. Mweleze mjomba, nimechoka kumweleza kwenye simu.

Umesema nirudi. Si kwa sasa, mama. Watoto wako shule, na yule babu mwenye kofia, ukiniamini usiniamini, ni mimi tu anayekubali nimwogeshe. Jana nilikuwa namkata kucha akaniuliza nimempa nani. Nikamwambia kwetu mtu haulizwi. Akacheka, akanyoosha mkono wa pili.

Mwenzangu ameanza kutafuta nyumba huku Dayton. Nimemwambia chumba cha nyuma kipo, kidogo lakini kina mlango wake. Hakunijibu. Alinitazama tu, kwa muda, kama mtu anayepima kitu. Ndipo nikamkumbuka Mkamba wetu.

Nakuomba unitafutie namba yake. Nasikia yuko Machakos kwa mwanawe, na lile karai umebaki nalo. Nataka nimuulize: siku ya kwanza, uliposhika mkono wake ukamwambia ingia, alijuaje kwamba sisi si miongoni mwa wale wengine? Au hakujua, akaingia tu kwa kuwa hakuwa na mlango mwingine?

Pesa za dawa ya presha nimetuma leo kwa jina la mjukuu wako, akupe zote. Nisalimie barazani.

Mwanao