YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPIMAJI WA AFYA WA KIKUNDI CHETU NA MAJIBU YALIYORUSHWA WHATSAPP

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya wanachama wa kikoba chetu cha wanawake hapa Mbagala. Mwezi Machi tulichukua kifurushi cha upimaji wa vikundi katika tawi lenu la huku kwetu, Sh 35,000 kwa kila mwanachama, nusu tukalipa mapema na nusu ikabaki hadi majibu yakamilike. Kipeperushi chenu kiliahidi presha, sukari, uzito, macho, matiti na mlango wa kizazi, tiba siku hiyohiyo kwa atakayekutwa na tatizo, na daktari wa kukaa na kila mmoja peke yake amweleze majibu yake. Fedha ilitoka kwenye mfuko wetu wa jamii, ule tunaochangia kwa ajili ya misiba na uuguzi. Haikuwa rahisi kuwashawishi wenzetu kuugusa mfuko ule wakati hakuna aliyelazwa wala aliyefiwa. Ndiyo maana haya yaliyotokea hatuwezi kuyanyamazia.

Nianze na lililotuumiza zaidi. Tawi lilifungua kundi la WhatsApp la kupangia miadi. Aliyelifungua ni mhudumu wenu wa huduma kwa wateja, akatuingiza wote kwa namba tulizoandikisha, na baadhi ya namba hizo ni za waume au watoto, kwa sababu si kila mama kwetu ana simu ya kupokea picha. Jioni ya siku ya upimaji mhudumu huyo alipiga picha ukurasa wa rejista akaurusha humo, chini yake akaandika, "Majibu yenu haya hapa mama zetu." Majina kamili, umri, namba za simu, presha, sukari, na mwishoni safu ya mlango wa kizazi. Safu nzima ilikuwa alama za kutoa, isipokuwa kwa jina moja. Lilikuwa na alama ya kujumlisha.

Mnajua wenyewe jinsi mtu wa mtaani anavyoisoma alama ya kujumlisha mbele ya jina kwenye karatasi ya zahanati. Usiku uleule dada yetu alipigiwa simu na shemeji yake kuulizwa ameyatoa wapi hayo. Mumewe alibeba nguo zake akaenda kulala kwa kaka yake. Wanachama waliokuwa wakikaa naye jamvi moja wakaanza kunong'ona, nami sitawatetea, lakini nani aliwapa cha kunong'onea? Picha ilifutwa asubuhi ikiwa imeshahamia kwenye makundi mengine. Nilipoandika kulalamika nilijibiwa "Samahani kwa usumbufu" na vikono viwili vya kuomba. Jibu hilo linamfaa mteja aliyekalishwa sana kwenye foleni.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zile ambazo sheria hiyo inazihesabu kuwa nyeti. Ninyi ni watu wa afya, mlipaswa kuijua kabla ya katibu wa kikoba. Na hata kama sheria hiyo isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni jambo ambalo nesi hufundishwa tangu darasani.

Sasa tuje kwenye alama yenyewe. Dada yetu alipakwa ile asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu fulani ikageuka nyeupe, na ndiyo maana ya kujumlisha. Haikuwa saratani, na haikuwa VVU. Ni mabadiliko ya chembe ambayo kwa kawaida huletwa na virusi vya HPV, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kugeuka saratani, kama yatageuka. Faida yote ya kipimo hiki iko hapo: majibu hupatikana ndani ya dakika chache, na mwenye alama nyeupe inayofaa kutibiwa hutibiwa palepale, kwa baridi kali au kwa joto, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Haya nimeyajua baadaye, kwa kuelezwa na muuguzi wa hospitali ya serikali aliyetumia muda wake kutueleza bila kutudai senti. Pale kwenu dada yetu aliambiwa neno moja tu, "utapigiwa."

Hakupigiwa. Tulipofuatilia tuliambiwa mashine ya kutibia iko tawi la mjini. Mjini nako wakasema mhudumu wake yuko likizo. Tukaomba barua ya rufaa ili aende kwingine, tukaambiwa daktari wa kuisaini anakuja Jumatano, na Jumatano ikapita. Mwishowe mwekahazina wetu alimchukua kwenda hospitali ya serikali bila karatasi yoyote, kwa hiyo wakampima upya kuanzia mwanzo. Alitibiwa kwa joto siku hiyohiyo na kupangiwa kurudi baada ya mwaka mmoja. Mumewe aliitwa akaelezwa mbele yake, naye amerudi nyumbani. Hakuna hata moja katika hayo lililofanywa na kampuni iliyopokea pesa yetu.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Muuguzi aliyetupima pale tawini msimguse. Alivuta pazia, alimweleza kila mama atakachofanya kabla ya kukifanya, na bibi mmoja aliyekuwa akitetemeka alimshika mkono mpaka akatulia. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupimwa, na tuliopanda kitanda kile tulipanda kwa sababu yake. Nasikia yeye ndiye anayelaumiwa eti aliacha rejista wazi mezani. Rejista kuwa mezani ni kazi. Aliyeipiga picha ni mwingine, na aliyemwambia majibu yatumwe kwa namna hiyo ni mwingine zaidi, nanyi mnamjua.

Lipo na jambo la wazee wetu. Wanachama waliokwisha kukoma hedhi, wengine wamevuka miaka 60, walipakwa asidi ileile na kupewa kadi iliyoandikwa "Hana saratani". Kwa mama wa umri huo, ile sehemu ambako mabadiliko huanzia huwa mara nyingi imerudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, haionekani kwa macho hata ungemulika kwa taa ya namna gani. Kwa hiyo kutoona kitu si sawa na kutokuwepo kitu. Walipaswa kuelezwa hivyo na kuelekezwa kwenye kipimo cha HPV au kwa daktari wa wanawake. Mmoja wao amekuwa akitokwa na matone ya damu, jambo ambalo kwa mama aliyekoma hedhi ni la kumpeleka kwa daktari mara moja. Yeye akabaki akionyesha kadi yenu: "Nimeshapimwa, mimi mzima." Tumemsihi sana ndipo akakubali kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Kadi hiyo ningeomba mwione wenyewe, nimeambatisha nakala yake, jina limefutwa.

Kisha, hao hao waliokutwa salama waliambiwa warudi kila baada ya miezi sita, kwa malipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwanamke asiye na VVU aliyekutwa salama kwa kipimo cha asidi arudi baada ya miaka mitatu, na kwa kipimo cha HPV baada ya miaka mitano hadi kumi. Wenye VVU wana ratiba yao ya karibu zaidi, na hatari ya saratani hii kwao ni kubwa mara sita, lakini hakuna aliyetuuliza nani ni nani. Tuliambiwa wote miezi sita. Mtu akitaka kudhani mema atasema mhudumu alichanganya. Mimi niliona bango la bei ukutani, nikadhani vingine.

Presha na sukari nitazipitia kwa ufupi, ingawa huko nako kuna ya kusema. Asubuhi ile tulipokelewa kwa chai ya maziwa na maandazi, ukarimu ambao tuliushukuru. Dakika chache baadaye tukatobolewa vidole, na kwenye karatasi zetu pakaandikwa kwamba sukari ilipimwa kabla ya kula. Mwanachama aliyepata 7.6 akaambiwa ana kisukari. Kwa mtu aliyekaa muda wa saa nane bila kula, 7.0 na kuendelea ni namba ya kushtua na ya kurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kwa mtu aliyetoka kunywa chai yenu yenye sukari na maandazi mawili, 7.6 si habari. Mama huyo aliacha kula wali kwa wiki kadhaa, mpaka alipopimwa kwingine hajala kitu tangu usiku.

Presha ilipimwa kwa mkanda mmoja, ule mwembamba, kwa wembamba na wanene sawasawa, tena mara tu mtu anapotoka kwenye foleni ya juani. Mwenzetu mmoja mwenye mkono mnene alisoma 152 kwa 94, na kabla hajainuka alikuwa ameandikiwa vidonge vya mwezi mzima kutoka duka lenu la dawa mlango wa pili. Mkanda usiomtosha mtu huzidisha kipimo, na mtu anapaswa kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, ndipo apimwe, arudiwe, na ikibidi aje tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa wa presha. Kwa mkanda mpana, siku tofauti, amekuwa akisoma 128 kwa 82. Vidonge bado viko kabatini, na risiti yake ninayo.

Matiti hayakupimwa kabisa, mtaalamu hakufika. Macho ilikuwa kusoma herufi ukutani. Daktari wa kueleza majibu alikuwa akiwapokea wawili wawili chumba kimoja, kila mmoja akisikiliza ya mwenzake.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa maandishi. Kwanza kabisa kampuni imwandikie dada yetu barua ya kuomba radhi, yenye jina na saini ya kiongozi wa makao makuu, ikieleza bayana kwamba taarifa zake zilisambazwa na mtumishi wenu na kwamba alama ile ilihusu mlango wa kizazi peke yake. Barua hiyo apewe yeye mkononi, naye ataamua amwonyeshe nani. Kundi lile la WhatsApp lifungwe na picha ifutwe kwenye simu zote za watumishi wenu. Kila mwanachama apewe majibu yake peke yake, ndani ya bahasha, kwa Kiswahili, yakisema kipimo gani kilifanyika na afanye nini baadaye. Kadi za "Hana saratani" walizopewa mama waliokoma hedhi zirudishwe, na wahusika wapewe rufaa halali. Presha na sukari zirudiwe bila malipo kwa wote, watu wakiwa hawajala, na mikanda ya saizi zote iwepo. Gharama za dawa zilizouzwa kwa kipimo kile kimoja, pamoja na nauli na matibabu ya dada yetu alikopelekwa, zirudishwe kwenye mfuko wetu.

Kipeperushi nacho kirekebishwe. Kama mashine ya kutibia haipo tawini, msiandike tiba siku hiyohiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuna wengine wa mitaa ya jirani wanaochanga sasa hivi wakikiangalia kipeperushi hichohicho.

Nusu ya malipo iliyobaki haitatolewa mpaka tuwe tumepata majibu yenye kueleweka. Msiwatume tena vijana wenu wa madeni kumpigia mwenyekiti wetu, makubaliano yalisema tutalipa majibu yakikamilika, na majibu hayajakamilika. Tunawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Baada ya hapo tutapeleka suala la siri za wagonjwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na suala la kipeperushi kwenye Tume ya Ushindani. Dada yetu ameridhia kwa maandishi barua hii iandikwe, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Mkihitaji kuzungumza naye pitieni kwangu, wala msimpigie simu moja kwa moja.

Nimeambatisha kipeperushi, risiti, nakala za kadi na picha za mazungumzo ya WhatsApp majina yakiwa yamefichwa. Mkutano wetu hufanyika kila Jumapili alasiri. Mkimtuma mtu mwenye mamlaka ya kujibu, atapewa nafasi ya kusema mbele ya wanachama wote.

Wako,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi, Mwekahazina wa kikundi, Mganga Mfawidhi wa tawi.