Kwa vijana mnaoanza kufundisha historia ya jamii za Kiislamu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nimeisoma mihtasari ya masomo ambayo baadhi yenu mmeiandaa, nami nimeona niseme nanyi kabla muhula haujaanza. Karibu yote inafuata nasaba za watawala, Bani Umayya, Bani Abbas, Fatimiya hadi Waothmani, na panapohitajika kuelezwa maisha ya watu mnafungua kitabu cha fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na kukisoma kana kwamba ni taarifa ya mambo yalivyokuwa. Fiqhi hueleza yanayopasa. Waliyoyatenda watu sokoni, majumbani na mbele ya kadhi hutafutwa kwingine.

Yatafuteni katika karatasi ambazo hakuna aliyeziandika kwa ajili ya historia. Madaftari ya mahakama ya kadhi ya Kayseri, Anatolia (Uturuki ya leo), ya mwanzoni mwa karne ya 17, yanawaonyesha wanawake wakija wenyewe kudai urithi, kuuza nyumba, hata kuwashtaki jamaa zao wa kiume, mambo ambayo msomaji wa tarikhi (vitabu vya historia) za masultani asingeyadhania. Huko Fustat, Misri, sinagogi la Ben Ezra lilikuwa na chumba walimowekea makaratasi yaliyochakaa, kwa kuwa Wayahudi waliona vibaya kutupa maandishi yenye jina la Mungu, na humo zimepatikana barua na hesabu za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne ya 11 na 12. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu masoko ya miji ya Kiislamu ya wakati ule tumeipata kwa uangalifu wa majirani wasio Waislamu, na hilo lisemeni darasani bila haya.

Mkifundisha, shikeni kitu kimoja mkae nacho. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanatosha somo zima. Yana tarehe ya Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Septemba 1106, kwa hiyo mwenye haraka asiyeutazama mwezi ataandika 1106, ilhali Dhulkaada iliangukia 1107. Kisha waulizeni kama jengo wanaloliona ndilo la mwaka huo. Silo, msikiti ulijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18. Mwanafunzi aliyekwisha kutenganisha umri wa maandishi na umri wa ukuta unaoyabeba atauliza vivyo hivyo kuhusu tarikhi ya Kilwa, tuliyo nayo kwa nakala ya Kiarabu ya karne ya 19 na kwa maelezo ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa 1552, ambayo hayapatani kila mahali.

Kuhusu Kiarabu sitarefusha: asiyekisoma ajifunze sasa.

Basi irudieni mihtasari yenu. Madaftari ya kadhi yawe juma la kwanza, na orodha ya watawala iwe kiambatisho mwishoni.

Wasalaam,
Mzee wenu