Kabla hujamkasirikia mwenzako

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Jumapili ulipopiga simu ukanieleza kwamba yule msichana wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia hii, hajaonekana kwenye kikundi chenu wiki mbili, kwamba amefiwa, na kwamba wenzako wananung'unika eti hawa huingizwa chuo kwa upendeleo, sikukujibu. Jambo lenyewe si la kumalizwa kwenye simu huku basi linakungoja, ndiyo maana nakuandikia.

Anza na hapa Blacktown, pembeni mwa Sydney, ulipokulia. Mwaka 1815 Macquarie, gavana wa koloni la Waingereza, alifungua shule ya watoto wa Kiaborijini kule Parramatta, na baadaye shule hiyo ikahamishiwa huku kwetu. Mwaka 1819 watoto wa shule za koloni walitahiniwa pamoja, watoto wa wazungu karibu 100 na Waaborijini wapatao 20. Zawadi ya kwanza ilichukuliwa na msichana mweusi wa miaka 14. Wanahistoria wanaamini alikuwa Maria, binti wa Yarramundi, mkuu wa watu wake. Alijifunza kwa lugha ya wageni akawapita wenye lugha yao.

Sasa piga hesabu. Chuo chenu, Chuo Kikuu cha Sydney, kilianzishwa mwaka 1850, juu ya ardhi ya Wagadigal, Waaborijini wenyeji wa hapo. Charles Perkins, Mwaborijini wa watu wa Arrernte aliyezaliwa Alice Springs, katikati ya Australia, alihitimu hapo mwaka 1966, naye anahesabiwa miongoni mwa Waaborijini wa kwanza kabisa kupata shahada. Chuo Kikuu cha Melbourne kilikuwa kimetangulia kidogo, maana Mwaborijini Margaret Williams alipata stashahada yake huko mwaka 1959. Toka Maria hadi hawa ni takriban miaka 140. Akili ilikuwepo muda wote huo, mwanangu. Kilichokosekana ni ruhusa.

Watoto walinyang'anywa wazazi wao kwa amri ya serikali. Hapa New South Wales, mpaka mwaka 1972 mwalimu mkuu alikuwa na uwezo wa kumkatalia mtoto wa Kiaborijini shule kwa sababu tu wazazi wa kizungu wamelalamika. Bibi mmoja ninayemhudumia kazini alichukuliwa kwa mama yake akiwa mdogo, akapelekwa kwenye nyumba ya wasichana akafundishwa kufua na kupiga pasi, basi. Alipenda sana hesabu. Ananiambia hivyo karibu kila ninapomsuka nywele. Mjukuu wake yuko chuo sasa, na bibi huyu huniomba nimsomee ujumbe wa mjukuu mara mbili, mara tatu, hata kama ni wa kuomba nauli.

Huyo Perkins naye alijilipia masomo kwa kucheza mpira. Februari 1965, akiwa bado mwanafunzi, aliongoza wanafunzi wenzake, wengi wao wazungu, wakapanda basi wakazunguka miji ya bara. Kwenye mji wa Moree, watoto weusi walikuwa hawaruhusiwi kuogelea kwenye bwawa la mji, na wanafunzi hao wakasimama nao mlangoni. Walizomewa na kutupiwa mayai. Nataka ujue kwamba chuo unachosoma wewe, mtoto wa wahamiaji weusi, kilifunguliwa zaidi na watu wa namna hiyo kuliko na waliochonga mawe yale mazuri unayonipigia picha.

Kuhusu upendeleo: ni kweli kuna njia nyingine za kuingia. Kuna kozi za maandalizi, kuna usaili, kuna ruzuku ya Abstudy iliyoanza mwaka 1969, kuna wakufunzi wa ziada. Lakini akishaingia, mtihani ni ule ule na alama zinatolewa kwa kipimo kile kile. Na bado Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait ni karibu 4 katika kila Waaustralia 100, ilhali chuoni ni kama 2 tu katika kila wanafunzi 100. Upendeleo gani huo unaoacha pengo la nusu nzima? Wengi wao ni wanawake, wengine tayari wana watoto, wengine wametoka mbali sana na miji, na wengi ndio wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo. Darasani mara nyingi yuko peke yake, kisha mhadhiri akigusa habari za watu wake, macho yote yanamgeukia yeye.

Tuje kwenye msiba. Wewe umelelewa na mimi. Babu yako alipofariki Tanga, nani kati yetu aliuliza kama siku tatu zinatosha? Watu wetu walikaa matanga, walipika, walilala mikekani, na asiyekuja alikumbukwa kwa kutokuja. Kwa Waaborijini pia msiba ni wa ukoo mzima, na kwa sababu wengi wao hufa mapema kuliko Waaustralia wengine, mwanafunzi mmoja anaweza kuitwa nyumbani mara nyingi kabla hajamaliza shahada. Ratiba ya chuo haikupangwa na mtu mwenye ukoo kama huo.

Kwa hiyo, kesho mwandikie. Umpe pole kwanza, habari za kazi ya kikundi zisubiri ujumbe wa pili. Mtumie maandishi yako ya mihadhara aliyoikosa. Halafu umwombe mhadhiri muda zaidi kwa kikundi kizima, isiwe kwa jina lake peke yake. Wenzako wakinung'unika tena, wasimulie habari za Maria.

Jumamosi ukija nitakuwa kazini hadi saa tisa. Wali uko kwenye friji.

Mama yako