Shoga, hayo majani yamwage

Langoni, Lamu
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu,

Assalamu aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, bi mkubwa bado analalamikia magoti na bado hataki kutulia chini. Hofu ni kwako wewe. Najua nina deni la barua tangu Mfungo Mosi, na udhuru ninao, ila utaukuta mbele maana ndio habari yenyewe.

Ujumbe wako wa juzi umenikosesha usingizi. Hebu niambie tena: unakunywa majani ya kupunguza tumbo asubuhi na usiku, mchana hudonoi kitu ila tango, na umeshapungua kilo 3 kwa wiki moja? Kwa harusi ya yule yule ambaye yangu hakuja? Haya. Geuza pakiti usome nyuma. Ukiona imeandikwa senna, ujue ndiyo sanamaki ile ile bibi zetu waliyotunywesha tukifunga choo. Unachotoa ni choo na maji, mafuta yako pale pale yanakutazama. Kula kama mtu siku mbili tatu, kilo zote zinarudi. Na ukizidisha unapoteza na chumvi za mwili, uanguke ukumbini kabla bibi harusi hajatolewa. Utakuwa umempita kwa kutazamwa, hilo sikatai.

Nakwambia mimi niliyekuwa mjinga kukushinda. Mwezi ule nilionyamaza nilikuwa kitandani kwa mgongo. Niliegemeza simu kwenye sinia, nikamfuata yule binti wa video anavyoruka na kuchuchumaa, kumi bado, kumi bado. Siku ya nne nikainua galoni ya maji, mgongo ukafanya ka! Simu haikuona kwamba nimejipinda kama ndoana. Itaonaje?

Nilipopata nafuu, dada yake yule wetu wa Mkomani akanipeleka kwa mama mmoja, sisi tunamwita Kocha. Amefundisha Mombasa miaka na miaka, sasa amerudi kwao, na huwafundisha wanawake juu darini, chini ya makuti. Tuko sita, mabuibui yote kwenye msumari mmoja. Ukiondoka wa mwisho unavaa lililobaki; nimeshapita sokoni na la mtu mfupi.

Siku ya kwanza sikuinua hata kijiko. Aliniuliza nimezaa mara ngapi, kwa kawaida au kwa kisu, presha je, sukari je, nalala saa ngapi. Kisha akachukua mpini wa ufagio akaulaza mgongoni mwangu: uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse kifandugu. "Haya inama, na mpini usibanduke hata mahali pamoja." Shoga, watoto watatu nimezaa na sikuwa najua kuinama! Kila nikienda chini mpini unaachana na kifandugu, naye ananigusa kiunoni kwa vidole viwili: hapa, sukuma nyuma, kama unafunga mlango kwa makalio na mikononi una sinia la chai. Hapo nikafahamu. Wiki nzima ilikuwa mpini tu.

Kuchuchumaa tulianzia kwenye kiti, tukaja kwenye kigoda, sasa tuko kwenye mbuzi. Ndiyo, mbuzi wa kukunia nazi, meno yamefungwa kitambaa. Unashuka mpaka uguse, huketi, unapanda; visigino chini, magoti yafuate vidole vya miguu. Ukinyooka ndipo unapewa galoni yenye lita 2 za maji, ambazo ni kilo 2, na kila wiki anatia kikombe kimoja zaidi. Siku ya pili maumivu ni makali kuliko ya kwanza. Ngazi zetu nilizishuka upande upande kama kaa, Kocha akacheka, akasema misuli ikiuma hivyo ngoja siku tatu, ila kiungo kikichoma, simama hapo hapo.

Chakula nacho. Nilidhani atanikataza mahamri. Wapi! Aliniambia nilete sahani yangu ya mchana vile ilivyo, nisiipunguze kwa haya. Nikaipunguza, akajua. Akapima kwa mkono wangu mwenyewe: samaki kiganja, wali ngumi, mchicha konzi mbili. Nazi hakuitoa, ila kasimele iwe kijiko, si bakuli, kwa kuwa gramu ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga au protini 4. Kilichoniaibisha ni chai. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 5 kwa siku: gramu 60 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite kama 50, bora 25. Hapo sijagusa halua.

Nimepungua kilo 2 kwa miezi miwili. Cheka. Lakini mtungi wa lita 20 naunyanyua bila kumwita mtu, na bi mkubwa ameanza kutuchungulia darini.

Kwa hiyo majani yamwage. Hapo Malindi hawakosi watu wa kazi hii. Tafuta anayekuuliza kabla ya kukuamuru, anayekutazama ukiinama. Anayeanza kwa kukuuzia kopo la poda, mshukuru uondoke. Wakati unatafuta, toka hapo Shela yenu utembee upande wa nguzo ya Vasco da Gama, nusu saa, siku tano.

Mgongo wako wa operesheni ulipona? Presha umepima lini? Gauni hilo ni la kushonwa au la kukodi, na kama la kushonwa si fundi alipanue tu? Utakuja kabla ya Maulidi? Na raba nambari 39 zinauzwa ngapi huko? Kocha amechoka kuniona na ndara.

Nijibu, hata kwa sauti.

Mimi shoga yako