Mhariri, ada za mtandao mnazitangaza tu, mbona hamuulizi?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Newala. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina steshenari karibu na stendi, natoa kopi, naskani na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, kwa hiyo hili suala la bando na makato ya serikali nakutana nalo kila siku ya Mungu na nimeona leo nisikae nalo moyoni.

Sio kwamba sitaki kodi. Kodi tunalipa, barabara na zahanati tunazitaka. Kinachoniuma ni jinsi nyie wa magazeti mnavyoziandika hizi ada za mtandao. Kiongozi akisimama akatangaza, kesho yake tunasoma maneno yake, tunaona picha yake, tunaambiwa faida alizozitaja yeye, basi habari imeisha. Mlipaji hayumo, hesabu haimo, hata swali moja la "kwa nini kiasi hiki na sio kingine" halimo.

Chukulia bando la elfu moja. Miaka mingi huduma za mawasiliano zilikuwa na ushuru wa bidhaa asilimia 17, halafu juu yake ilikuja VAT asilimia 18, na hiyo VAT ilipigwa mpaka kwenye ule ushuru wenyewe. Mimi sikusoma uhasibu ila kalkuleta ninayo, ukirudi nyuma kwa viwango hivyo unakuta kwenye ile elfu moja zaidi ya shilingi 270 ni kodi, na hapo bado kampuni nayo ina ada zake za leseni na masafa ambazo mwisho wa siku anayezilipa ni mteja. Hii hesabu ni ya dakika mbili, sasa mbona sijawahi kuikuta kwenye ukurasa wa mbele? Bei ya bando ikipanda watu wanatukana kampuni ya simu peke yake, hawajui sehemu nyingine ya hela inaelekea wapi, na hawawezi kujua kama gazeti haliwaambii.

Halafu angalia huo mtandao tunautumia kufanyia nini. Sio umbea tu kama wengine wanavyodhani. Juzi kaja binti na mama yake kutoka Kitangari, anaomba mkopo wa chuo. Maombi ni ya mtandaoni, analipia kwa kontro namba, anadownload fomu, anaiprinti, anaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa hakimu au wakili wasaini na kugonga mihuri, anarudi inaskaniwa na vyeti vyote, inapandishwa tena. Tumefika katikati ya kupandisha bando likakata. Mama akafungua kibindo akatoa elfu mbili, tukaunga jingine, tukaendelea. Ajira za serikali nazo ni mtandaoni, namba ya mlipakodi (TIN) mtandaoni, matokeo ya mitihani mtandaoni, hata korosho zetu siku hizi mnada unafanyika kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la kwenye kompyuta, na bei ya siku tunaipata kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata karani wa AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, hajabandika karatasi. Yaani serikali yenyewe ndo imetuhamishia huduma zake huko, halafu mlango wa kuingilia ukawekewa ushuru kama vile kuingia ni starehe. Hilo ndo swali nilitegemea mwandishi wenu amuulize waziri, uso kwa uso.

Mwaka 2021 mnaukumbuka. Julai ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, na tozo ya laini inayokatwa ukiweka vocha. Nilisoma sana habari za madarasa na vituo vya afya vitakavyojengwa, na kweli tunavihitaji, lakini sikuona mtu amekaa na wakala wa pesa za simu wa huku Newala au Tandahimba akaandika wateja wanasemaje na wanafanyaje. Watu walilalamika wenyewe mitaani na mitandaoni mpaka Rais akaagiza iangaliwe upya, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Wananchi walitangulia, magazeti yakafuata nyuma, na mimi naona ilitakiwa iwe kinyume chake.

Na kuna jambo ambalo sisi wa Mtwara linatuhusu kabisa. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa ada ya maombi 100,000, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka, kesi ya kuzipinga ilifunguliwa hapahapa Mahakama Kuu Mtwara. Walikuwemo LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu), Baraza la Habari, TAMWA (chama cha wanahabari wanawake), Jukwaa la Wahariri na wengine. Mei 4 mahakama ikazisimamisha kwa muda, mwisho wa mwezi shauri likatupwa, Juni tovuti ya mijadala ya JamiiForums ikazimwa kwa muda. Nauliza watu hapa mjini, wengi hawajui kabisa kama jambo la nchi nzima liliamuliwa kwenye mahakama ya mkoa wao! Kijana wa Masasi mwenye kamera moja anayetaka kurusha habari za kijijini kwao milioni mbili anazitoa wapi? Baadaye ada zilipunguzwa, sawa, ila wangapi walishakata tamaa wakaacha?

Najua na nyie mna yenu, leseni ya gazeti mnahuisha kila mwaka na matangazo ya serikali ndo yanayowaweka mjini. Sikuombeni mgombane na mtu. Naomba Juni bajeti ikisomwa msichape hotuba peke yake. Chapeni jedwali linaloonyesha bando la elfu moja lilikatwaje mwaka jana na litakatwaje mwaka huu, mpigieni simu mwanafunzi wa chuo cha Stella Maris hapa Mtwara, wakala wa Nanyumbu, mkulima wa Nachingwea, halafu majibu yao myapeleke wizarani na TCRA, ile mamlaka inayosimamia mawasiliano, na mtuandikie walichojibu. Wakikataa kujibu andikeni kwamba wamekataa. Na kama mwandishi wenu akifika Newala aje steshenari kwangu, nitamkalisha na wateja asikie mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Newala, Mtwara