Barua kutoka Borobudur

Mwanangu Salum,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila magoti yananilaumu. Juzi kwenye simu uliniuliza, na cheko lako lile, "Mama, kwenye masanamu unafuata nini?" Nilikuwa na majibu, muda wa maongezi ukakatika.

Kwanza nilifuata mawe. Borobudur ni hekalu la Kibudha, kama kilima kizima cha mawe ya volkano, katikati ya kisiwa cha Java, Indonesia, kazi ya karne ya 8 na ya 9, zama za wafalme wa Sailendra. Sisi wa Unguja jiwe bila chokaa hatulijui. Huku jiwe limechongwa likashikana na mwenziwe, basi. Nilipitisha ukucha kwenye maungio nikamkumbuka fundi aliyetujengea ukuta wa uani. Allah amsamehe.

Kabla ya kupanda unavaa ndara za kusuka, mawe yasilike, kisha mnakwenda kikundi na mwongozaji. Wetu alikuwa binti wa Kiislamu, mtandio wake kichwani. Alinisalimu "Apa kabar?" na hiyo kabar ndiyo habari yetu hii hii. Mahujaji wa Kibudha huzunguka hekalu likiwa kuliani kwao, nasi tukafanya hivyo hivyo, kichochoro juu ya kichochoro, kuta zimejaa visa vya kuchonga. Ni mapande 1,460 ya hadithi. Sikuyamaliza, wala usiniulize.

Juu kabisa kuna stupa, yaani vikuba vya ibada vya Kibudha, 72 zenye matundu, kama makengele ya mawe, kila moja na Buddha ndani ameketi kimya. Waliokaa nje wengi hawana vichwa. Mwaka 1896 wakoloni wa Kiholanzi walimpa mfalme wa Siam, ndiyo Thailand ya leo, sanamu na mawe ya kuchonga, mikokoteni minane, kama mtu agawaye maembe ya shamba la jirani.

Lakini nilichokuandikia hasa ni hiki. Kule kichochoro cha chini, ukutani, kuna chombo. Kimechongwa kikiwa baharini, mawimbi chini, watu wamening'inia kwenye kamba, na ubavuni, Salum, marengu, yale mabawa ya mbao ya kuzuia chombo kisipinduke! Marengu kama ya ngalawa ya babu yako. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakapotea kwenye kona.

Yule binti akanirudia, akanieleza kwamba mwaka 2003 waliunda chombo kwa kuufuata mchongo ule, wakakiita Samudra Raksa, wakatweka kutoka Jakarta, wakapita Shelisheli na Bukini, yaani Madagaska, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Accra mwaka 2004. Sasa kimewekwa kwenye makumbusho pale pale, nikaenda kukitazama. Kwamba watu wa visiwa hivi walifika Bukini zamani, hilo halina ubishi: Kimalagasi chenyewe ni ndugu wa lugha za Borneo. Nikajiona mjinga. Miaka yote nikipanda ngalawa Nungwi, sikuwahi kujiuliza nani alianza kuifunga marengu.

Picha nimekutumia. Mpelekee babu, mkuzie aone vizuri. Matanga yake yana pembe nne, si kama yetu, najua hapo ataanza kukosoa. Muulize chombo kile kingegeuzwaje upepo ukibadilika, uniandikie alivyosema, na matusi yake yote.

Mama yako