Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Kiwanja Chetu cha Ndege cha Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi. Mwaka huu klabu yetu haikuandika habari za Vita vya Tanga vya Novemba 1914, wala za reli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893. Hizo zimeandikwa na wengi. Tumechagua kiwanja cha ndege, kwa kuwa ndege tunaziona kila wiki, lakini tulipoulizana zilianza lini kutua Tanga, darasa zima likanyamaza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikipita pwani hii: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, ikichukua barua na abiria wachache. Wasichana wa klabu hii wamelishika sana jina hilo. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, ndege zake zilichukuliwa na jeshi. Mwaka 1946 likaja shirika la East African Airways.

Hapo ndipo tulipompata mzee wetu. Anaishi jirani na shule, na ujanani alikuwa mpakizi wa mizigo kiwanjani. Alitueleza habari za Dakota: ndege ile ikiwa chini mkia wake hulala, kwa hiyo abiria akiingia kwa mlango wa nyuma hupanda kama anayepanda kilima hadi afike kiti cha mbele. Wengi wa abiria, anasema, walikuwa mameneja wa mashamba ya mkonge na wageni wao. Tukaelewa. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Kamba za nailoni zilipoteka soko, bei ikaanguka, na wasafiri wa aina ile wakapungua. Historia ya kiwanja hiki haisomeki bila historia ya katani.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, East African Airways ikafa nayo, na mwaka huohuo likazaliwa Shirika la Ndege Tanzania. Siku hizi wanaotua hapa zaidi ni ndege ndogo za kampuni binafsi, aina ya Cessna Caravan, za kwenda Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Safari ya Pemba ndiyo inayotugusa, maana nusu ya darasa letu lina shangazi au mjomba ng'ambo ile, na bahari ikichafuka mgonjwa hawezi kuingojea itulie.

Udogo wa ndege hizo una sababu. Barabara ya kurukia ina urefu wa mita 1,200 na ushei. Bombardier Q400 yenye viti 76, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016, ikijaa mzigo huhitaji kama mita 1,400. Mita hizo chache ndizo zinazomfanya mtu wa Tanga akae ndani ya basi kilomita 350 hadi Dar.

Wahenga wetu walisema Tanga waja leo, waondoka leo. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, liwekwe Chongoleani, Agosti 2017, wanaokuja wameongezeka, na tunaamini kiwanja nacho kitakuzwa. Tunalitaka hilo kwa moyo wote.

Ombi letu ni kwamba kabla tingatinga halijaingia, majengo ya zamani yapigwe picha, madaftari ya safari yatafutwe, na kona moja itengwe kwa ajili ya kiwanja hiki katika makumbusho ya Urithi Tanga, kwenye boma la zamani. Pili, tunaomba kinasa sauti kimoja. Mzee wetu amekwisha kubali kusimulia tena. Ametuambia twende asubuhi, kabla jua halijawa kali, na tusichelewe, kwa sababu wenzake aliofanya nao kazi wamebaki wawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.